Muhogo wetu Wembley: Somo la mgeni na jirani

Na Mwalimu wa Maarifa ya Uislamu, Rahaleo, Mtwara

SHUKRANI zote njema anastahiki Allah (SW), Mola wa walimwengu wote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (SAW), ambaye mwenyewe aliuacha mji aliozaliwa akaishi ugenini, na ziwafikie Masahaba zake, wale waliohama na wale waliowapokea.

Ndugu msomaji, ukikaa katika baraza zetu hapa mjini Mtwara baada ya swala ya Alasiri, hutakosa kusikia habari za "wageni". Huyu anasema wageni wamechukua maduka. Yule anasema wageni wamepandisha kodi za vyumba. Wa tatu anasema waliovuka Ruvuma hawajulikani ni watu gani, bora warudi kwao. Maneno haya yanasemwa na watu wazima, wanaoswali safu ya mbele, na watoto wetu wanayasikia na kuyabeba hadi madrasa.

Qur'an inatuagiza mara nyingi tutembee katika ardhi tutazame mwisho wa waliotutangulia ulikuwaje. Hivyo katika makala hii nakualika tutembee kwa fikra hadi jiji la London, kwenye mtaa mmoja wa wahamiaji wenye asili ya Asia. Nimeuchagua mtaa huo kwa sababu mbili. Kwanza, wengi wa walioujenga hawakutoka Asia moja kwa moja, bali walitoka kwetu: Nairobi, Kampala, Mombasa, Dar es Salaam na Zanzibar. Pili, mtaa huo umekwishapita nusu karne, kwa hiyo tunaweza kuutazama mwanzo wake na pia yale yaliyofuata. Tutamwona mgeni akipokewa vibaya, tutamwona akisimama, na tutawaona watoto wake wakisahau.

Wembley ya sokoni

Jina la Wembley kila mpenda soka wa Mtwara analijua kwa sababu ya uwanja wa mpira. Lakini mwendo mfupi tu kutoka uwanja huo, katika manispaa ya Brent iliyo kaskazini magharibi mwa London, ipo barabara iitwayo Ealing Road. Inaanzia karibu na kituo cha treni cha Wembley Central na kuteremka hadi Alperton. Pande zote mbili kuna maduka ya vitambaa na sari, maduka ya dhahabu, maembe yaliyopangwa nje kwenye makasha, viungo, vitumbua vya Kihindi na mikahawa ya wasiokula nyama.

Katika barabara hiyo hiyo upo msikiti mkuu wa Wembley, katika jengo ambalo zamani lilikuwa kanisa. Mbele yake kidogo lipo hekalu la Mabaniani lililofunguliwa mwaka 2010, la mawe yaliyochongwa kwa mkono. Katika manispaa hiyo hiyo, eneo la Neasden, lipo hekalu jingine kubwa zaidi lililofunguliwa mwaka 1995. Kwa mujibu wa sensa ya mwaka 2021, takriban mtu mmoja kati ya watano katika manispaa ya Brent ni Muislamu.

Sasa ingia mkahawani uangalie orodha ya vyakula. Utakuta kitu kinaitwa "mogo". Ni muhogo, ndugu yangu. Ni muhogo huu huu tunaoulima Newala na Tandahimba, wa kukaanga, uliotiwa pilipili na ndimu kama wanavyotia vijana wetu wa jioni kando ya barabara. Utakuta pia "kuku paka", kuku wa nazi kwa mtindo wa pwani yetu. Katika nyumba za familia hizo njugu huitwa "jugu", na wazee husema sufuria, fagio na kisu katikati ya Kigujarati au Kikachi bila hata kujua kuwa wamechanganya lugha.

Neno la jikoni ni ushahidi mzito. Mtu anaweza kunyang'anywa duka, nyumba na pasi ya kusafiria, lakini jina la chakula alichokula utotoni huondoka nalo. Watu hawa waliishi kwetu kiasi hicho.

Walitoka wapi na kwa nini waliondoka

Uhusiano wa pwani yetu na Bara Hindi ni wa kale, wa majahazi na pepo za kaskazi na kusi. Wafanyabiashara kutoka Gujarat na Kachi walikuwepo Zanzibar, Kilwa, Lindi na Mikindani kabla wakoloni hawajatawala. Baadaye Waingereza walipojenga Reli ya Uganda kati ya mwaka 1896 na 1901 walileta vibarua wapatao 32,000 kutoka India. Karibu 2,500 walikufa kazini, wengi wa waliobaki walirudi kwao, na wasiozidi elfu saba ndio waliobakia Afrika Mashariki. Wenye maduka tunaowakumbuka sisi wengi wao si kizazi cha vibarua wale. Walikuja kwa nauli zao kufuata biashara.

Hapa lazima tuseme ukweli wote, kwa sababu Muislamu ameamrishwa kuwa muadilifu hata kama ukweli una uchungu. Mkoloni aliwagawa watu katika ngazi tatu: Mzungu juu, Mhindi katikati na Mwafrika chini. Shule zilikuwa mbalimbali, hospitali mbalimbali na mishahara mbalimbali. Wahindi wengi waliipokea ngazi yao ya kati na kujifungia ndani yake. Walioana wao kwa wao na kusomesha watoto wao peke yao, na baadhi yao walimpunja mkulima kwenye mizani. Hata Waislamu miongoni mwao mara nyingi waliswali katika misikiti ya jamaa zao tu. Chuki iliyokuja baadaye haikutoka hewani.

Lakini haki ya kulalamikia dhuluma haimpi mtu haki ya kudhulumu. Ulipofika uhuru, walitakiwa kuchagua uraia. Wengine walichukua uraia wa nchi mpya, wengine walisitasita na kubaki na pasi za Kiingereza. Mwaka 1967 Kenya ilitunga sheria za uhamiaji na leseni za biashara zilizowabana wasio raia, na maelfu wakaanza kupanda ndege kwenda London. Hapa kwetu mwaka 1971 serikali ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000. Sheria haikutaja rangi ya mtu, lakini wenye majengo hayo wengi walikuwa Wahindi, na wengi wao waliona siku zao zimekwisha.

Kisha Uganda. Tarehe 4 Agosti 1972 Idi Amin alitangaza kuwafukuza, akawapa siku 90. Waliondoka na masanduku na kiasi kidogo sana cha fedha. Takriban 28,000 walipokewa Uingereza, wengine wakaenda Kanada, India na kwingineko. Baadhi yao walikuwa na uraia wa Uganda, lakini haukuwasaidia.

Tujiulize kama Waislamu: hukumu hiyo ilikuwa na msingi gani? Qur'an imesema wazi, katika Surat Al-An'am aya ya 164 na mahala pengine, kwamba mbebaji habebi mzigo wa mwingine. Aliyepunja mizani ashitakiwe yeye. Mtoto wa darasa la tatu, mjane na fundi cherehani walipunja nini? Na je, Uganda ilipata nini? Maduka yaligawiwa wanajeshi na wapambe, bidhaa zikaadimika, viwanda vya sukari vya Kakira na Lugazi vikaanguka. Katika miaka ya 1980 na 1990 serikali za Uganda zenyewe ziliwaita wenye mali warudi na kuwarejeshea. Dhuluma ilichukua siku 90, kuirekebisha kulichukua zaidi ya miaka kumi.

Walivyopokewa

Mtu angedhani aliyefukuzwa Afrika kwa kuitwa mgeni angepata raha kwa mwenye pasi yake. Haikuwa hivyo. Mwanzoni mwa mwaka 1968, Wahindi wa Kenya walipozidi kuwasili, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kuwazuia, na liliipitisha kwa siku tatu tu. Pasi ilikuwa ya Uingereza, lakini sasa mwenye nayo alitakiwa awe na mzazi au babu aliyezaliwa au kupata uraia huko. Waliobaki waliwekewa kiwango: mwanzoni vibali 1,500 kwa mwaka kwa wakuu wa familia. Mwezi Aprili mwaka huo huo mwanasiasa Enoch Powell alitoa hotuba maarufu ya kuwatisha Waingereza juu ya wahamiaji, na wafanyakazi wa bandari wa London wakaandamana kumuunga mkono. Mwaka 1973 Kamisheni ya Haki za Binadamu ya Ulaya iliona kuwa watu hao walitendewa kwa ubaguzi wa rangi uliowadhalilisha.

Waganda wa 1972 walipofika waliwekwa katika kambi 16, nyingi zikiwa kambi za zamani za jeshi, baridi ya kwanza ya maisha yao ikiwa mlangoni. Halmashauri ya jiji la Leicester ilifika hadi kuchapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus kuwaambia wasije Leicester. Wengi walikwenda hivyo hivyo, na leo jiji hilo linajisifu kwa maduka na sherehe zao.

Ndugu msomaji, linganisha na Madina. Muhajirina walipofika kutoka Makka hawakuwekwa kambini. Mtume (SAW) aliwaunganisha undugu, Muhajir mmoja na Ansari mmoja. Saad bin Rabii alijitolea kumpa Abdurrahman bin Auf nusu ya mali yake. Abdurrahman alimuombea baraka katika mali yake, kisha akaomba aoneshwe soko liko wapi. Akaanza na samli na jibini, na hazikupita siku nyingi akawa na mali yake mwenyewe. Katika kisa hiki kuna adabu mbili, na sisi mara nyingi tunasoma moja tu. Mwenyeji alifungua mkono. Mgeni hakukaa kuwa mzigo, aliuliza njia ya sokoni. Jamii inayotaka amani inahitaji adabu zote mbili.

Waliujengaje mtaa

Wa Wembley walipata wenyeji wachache wa mfano wa Saad, lakini soko walilitafuta. Tunaweza kutazama mambo matatu.

Kwanza ni kazi bila kuchagua. Aliyekuwa na duka Kampala alikubali kufunga vifurushi kiwandani. Mke ambaye hakuwahi kuajiriwa aliingia kwenye cherehani. Baada ya miaka michache ya kubana matumizi, familia ilinunua duka dogo la pembeni, ambalo mwenyeji alikuwa analiacha kwa kuwa halimlipi. Wao walilifungua alfajiri na kulifunga usiku, siku saba, baba, mama na watoto wakipokezana. Tusidanganyike kuwa ni uchawi wala ni damu ya Kihindi. Ni saa za kazi, ni hesabu, na ni jamaa kukopeshana kwa uaminifu.

Pili ni kukataa kudhalilishwa. Mwaka 1976, katika kiwanda cha kusafisha picha cha Grunwick, Willesden, ndani ya manispaa hiyo hiyo ya Brent, wafanyakazi waligoma kwa sababu ya kulazimishwa saa za ziada na kutendewa bila heshima. Wengi wao walikuwa wanawake wenye asili ya Asia waliotoka Afrika Mashariki. Aliyewaongoza alikuwa Bi. Jayaben Desai, mzaliwa wa Gujarat aliyewahi kuishi Tanganyika kabla ya kwenda Uingereza. Alikuwa mfupi wa kimo, amevaa sari, akisimama getini kila siku. Wafanyakazi wa posta wa Cricklewood walikataa kubeba barua za kiwanda hicho, na mwezi Julai 1977 maelfu ya wafanyakazi wa Kiingereza, wakiwemo wachimba makaa ya mawe, walikuja kusimama naye. Mgomo ulidumu hadi Julai 1978, na wagomaji hawakurudishwa kazini. Walishindwa, lakini hawakushindwa bure. Chini ya miaka kumi nyuma, wafanyakazi wa bandari ya London waliandamana dhidi ya watu kama hawa, na sasa wafanyakazi wa nchi hiyo hiyo walisimama upande wao. Jirani alibadilika kwa sababu alimwona mgeni akidai haki ileile ambayo yeye mwenyewe angeidai.

Tatu ni nyumba ya ibada na elimu ya watoto. Kila jamaa ilianza katika chumba cha kupanga au ukumbi wa shule wa kukodi. Fedha zilichangwa kidogo kidogo, kisha jengo likanunuliwa, mara nyingi kanisa au ghala lililoachwa. Katika Stanmore, kaskazini ya Wembley, wanajumuiya wa Khoja Shia Ithnaasheri waliotoka Dar es Salaam, Zanzibar, Mombasa na Kampala wana kituo kikubwa, na shirikisho lao la dunia lililoundwa mwaka 1976 liko huko. Waislamu wa Kisunni nao wana misikiti na madrasa za jioni na za mwisho wa wiki. Tunaweza kutofautiana na baadhi ya makundi haya katika mambo ya itikadi, lakini hilo lisituzuie kujifunza utaratibu wao: daftari la michango linasomwa hadharani, viongozi wanachaguliwa kwa muda maalumu, na jengo limeandikishwa kwa jina la jumuiya, halimo mikononi mwa mtu mmoja. Msikiti wa mtaani kwako, ndugu msomaji, hati yake iko kwa nani?

Hata hivyo mtaa huo si pepo. Ile tabia ya kujifungia, kila jamaa na ukumbi wake, ilisafiri nao ndani ya masanduku. Mwaka 2022 huko Leicester vijana wa Kihindu na wa Kiislamu walifanyiana vurugu mitaani kwa wiki kadhaa, baada ya mechi ya kriketi ya India na Pakistani na uvumi mwingi wa kwenye simu. Kukaa mtaa mmoja kwa miaka hamsini hakukutosha. Ujirani haujijengi wenyewe.

Watoto waliosahau

Sasa tufike kwenye jambo ambalo hasa lilinifanya nishike kalamu.

Watoto wa wageni wale walisoma wakapanda. Rishi Sunak, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza kuanzia Oktoba 2022 hadi Julai 2024, baba yake alizaliwa Kenya na mama yake Tanganyika. Priti Patel, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani kuanzia 2019 hadi 2022, wazazi wake ni Wahindi wa Uganda. Suella Braverman, aliyeshika wizara hiyo baada yake, baba yake ni Mgoa aliyetoka Kenya mwaka 1968, na yeye mwenyewe amekulia Wembley.

Na walifanya nini? Aprili 2022 Bi. Patel alitia saini mpango wa kuwapeleka Rwanda watu waliofika Uingereza kuomba hifadhi. Bi. Braverman aliliambia Bunge kuwa wanaovuka bahari kwa mitumbwi ni uvamizi. Bw. Sunak aliuendeleza mpango wa Rwanda hata baada ya Mahakama ya Juu kusema mwezi Novemba 2023 kuwa haukuwa halali, hadi serikali iliyofuata ilipoufuta mwaka 2024. Huko nyuma jamaa zao walifungiwa mlango kwa sheria ya siku tatu. Kizazi kimoja kikapita, na watoto wakashika ufunguo wa mlango uleule.

Kila nchi ina haki ya kusimamia mipaka yake, na hilo silipingi. Ninachokitazama ni ulimi na moyo. Katika Surat Ad-Dhuha Allah (SW) anamkumbusha Mtume wake kuwa alikuwa yatima akampa makazi, alikuwa mhitaji akamtosheleza, kisha ndipo anamwamrisha asimuonee yatima wala asimkaripie mwombaji. Utaratibu wa aya ni somo: kwanza ukumbuke ulikotoka, ndipo utajua namna ya kumtazama aliye pale ulipokuwa wewe jana. Anayefuta kumbukumbu yake huona mlango tu, haoni aliyesimama nje.

Na neno la mkubwa hushuka hadi mtaani. Julai 2024 katika mji wa Southport watoto watatu wa kike waliuawa kwa kisu. Ukazushwa uongo kuwa muuaji ni Muislamu aliyekuja kuomba hifadhi. Hakuwa hivyo, alikuwa mzaliwa wa Cardiff. Lakini kabla ukweli haujavaa viatu, msikiti wa Southport ulikuwa umeshambuliwa kwa matofali, na ghasia zikaenea miji mingi. Surat Al-Hujurat aya ya 6 imekwishatuonya tuhakikishe habari kabla hatujawadhuru watu kwa ujinga tukaishia kujuta. Asubuhi yake majirani wasio Waislamu walikuja kusaidia kuujenga upya ukuta wa msikiti. Hao wanatukumbusha kuwa mtaa una watu wa aina zote mbili siku zote, na kila mmoja wetu anachagua awe wa upande gani.

Sisi wa kando ya Ruvuma

Turudi nyumbani. Nani mwenyeji wa Mtwara? Mikindani ni mji wa kale, lakini Mtwara mjini ulianza kukua mwishoni mwa miaka ya 1940, Waingereza walipotaka bandari kwa ajili ya mradi wao wa karanga wa Nachingwea. Waliokuja kufanya kazi walitoka nyanda za Makonde, Lindi, Masasi, Tunduru na ng'ambo ya mto. Wakati wa vita vya ukombozi vya Msumbiji, 1964 hadi 1974, maelfu walivuka Ruvuma wakapokewa, wengine vijijini kwa ndugu zao na wengine katika makazi kama Rutamba, Lindi. Wangapi katika safu zetu za Rahaleo ni watoto na wajukuu wa waliovuka? Tusiulizane hadharani, kila mtu aulize nyumbani kwao.

Kisha tangu Oktoba 2017, mashambulizi yalipoanza Mocímboa da Praia, Cabo Delgado imewaka moto. Machi 2021 mji wa Palma ulishambuliwa, na watu waliokimbia wanazungumza Kimakonde, Kimwani na Kiswahili kama sisi. Hofu yetu nayo ina sababu: Oktoba 2020 kijiji cha Kitaya, mkoani kwetu, kilivamiwa na watu wakauawa na nyumba kuchomwa. Mwaka 2021 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilieleza kuwa maelfu ya waliovuka kutafuta hifadhi walirudishwa Msumbiji kupitia Negomano.

Ulinzi wa mpaka ni kazi ya vyombo vya dola, na mhalifu lazima atafutwe kwa kosa lake. Lakini mama aliyevuka na mtoto mgongoni akikimbia wauaji hawezi kuitwa muuaji kwa sababu tu wanatoka wilaya moja. Huo ndio mzani wa Amin. Qur'an, katika Surat At-Tawba aya ya 6, inaagiza kuwa hata mshirikina akiomba ulinzi apewe, kisha afikishwe mahali pake pa amani. Ikiwa hivyo ni kwa mshirikina, na wakati wa vita, itakuwaje kwa Muislamu mwenzako anayejua Fatiha kama unavyoijua wewe? Na tusisahau kuwa wakimbizi wa mwanzo kabisa wa Uislamu walipokewa Afrika, na mfalme Mkristo wa Habasha, Najashi, aliyekataa kuwakabidhi kwa waliowafuata.

Tufanye nini basi? Napendekeza mambo manne yaliyo ndani ya uwezo wetu.

Kwanza, maimamu na walimu tulisafishe neno "mgeni" katika hotuba na madarasa. Ajaye kupanga, kuuza au kusoma mtaani kwetu ni jirani, na Surat An-Nisaa aya ya 36 imemtaja jirani wa karibu, jirani wa mbali na msafiri kwa pamoja.

Pili, zaka zetu zigawiwe kwa mafungu yake. Fungu la msafiri aliyeharibikiwa limo katika aya ya 60 ya Surat At-Tawba, lakini katika misikiti yetu mingi hulisikii likitajwa.

Tatu, madrasa isimuulize mtoto alikotoka kabla ya kumpa juzuu. Mtoto aliyefukuzwa madrasa ataokotwa na wengine, na tunajua kwa majirani zetu wa kusini kuwa wapo wanaowasubiri watoto wa namna hiyo.

Nne, anayehofia ushindani wa duka ajifunze kwa wale wa Wembley. Afungue mapema, aandike hesabu, aungane na wenzake katika chama cha akiba kisicho na riba. Kumchukia jirani hakujaongeza mauzo ya mtu hata siku moja.

Maswali ya kujadili katika darsa

1. Saad alitoa na Abdurrahman akauliza njia ya sokoni. Ni upande upi kati ya hizi mbili umepungua zaidi mtaani kwetu?

2. Muulize babu au bibi: familia yetu ilifika hapa lini, ikitokea wapi, na nani alitupokea? Andika jina la aliyepokea, umuombee dua.

3. Mara ya mwisho uliposambaza habari mbaya juu ya kundi fulani la watu kwa simu, uliihakikisha?

Ndugu msomaji, wazee wa Wembley waliondoka kwetu bila hata kuaga, na bado wanauita muhogo kwa jina letu. Waliovuka Ruvuma leo nao watakumbuka kitu kutoka kwetu maisha yao yote, ama sahani ya ugali tuliyowapa au jina tulilowaita.

Tunamuomba Allah (SW) atujaalie kuwa Ansar wa zama zetu, atukumbushe tulikotoka, na ailete amani Cabo Delgado na katika mipaka yetu yote. Amin.

Wabillahi Tawfiq.